Gramu za karatasi ya picha zina maana gani?

Ukienda dukani kuulizia karatasi za kusafishia picha nyumbani, utaulizwa kwanza: "Unataka gramu ngapi? 180, 230 au 260?" Wengi wetu hujibu kwa kuangalia mfuko. Mwenye nazo anachukua 260 akiamini ndiyo bora, anayebana matumizi anachukua 180 huku roho ikimuuma. Ukweli ni kwamba namba hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa picha.

Gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. A4 ni sehemu ya kumi na sita ya eneo hilo, kwa hiyo karatasi ya kawaida ya kutolea kopi, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5 tu ukiipima moja. Ya gramu 230 inafika 14 na kidogo. Ndiyo maana ukiishika unaiona imara, haijikunji ovyo, na mkononi inafanana na picha ya studio. Kazi ya gramu inaishia hapo.

Kinachotengeneza picha ni tabaka lililopakwa juu ya karatasi, kwa sababu wino unakaa humo. Tabaka zuri hunywa tone la wino papo hapo na kulishikilia palepale lilipoangukia, hivyo hata nyusi unaziona unywele kwa unywele. Tabaka hafifu huacha matone yatambae na kuingiliana, weusi unafifia kuwa kijivu, na picha inatoka ikiwa bado mbichi.

Karatasi za bei ya chini kwa kawaida ni karatasi tupu iliyopakwa na kung'arishwa upande mmoja. Zinazozizidi bei huwa na utando mwembamba wa plastiki mbele na nyuma, kisha tabaka la wino juu yake. Kwenye pakiti tafuta herufi RC (kifupi cha "resin coated", yaani yenye utando huo wa plastiki). Kama huamini maandishi, dondosha tone la maji mgongoni mwa karatasi. Likinyweka na kuacha doa, hiyo ni ya aina ya kwanza. Likibaki limesimama kama kwenye jani la mgomba, kuna plastiki.

Tofauti hii niliijua kwa uchungu. Nilichapa picha za send-off ya mdogo wangu kwa karatasi ya gramu 260, nzito kweli, lakini isiyo na plastiki. Ilikuwa Desemba, na joto la Dar mnalijua. Nikazipanga moja juu ya nyingine zikiwa zimetoka tu kwenye printa. Asubuhi zilikuwa zimegandana, na nilipozibandua, nusu ya uso wa mama ilibaki mgongoni mwa picha nyingine. Tangu siku hiyo kila picha naianika peke yake mpaka kesho yake, iwe ya karatasi gani.

Je, za bei ya chini zisinunuliwe? Zinunuliwe, tena kwa kazi nyingi zinatosha kabisa: picha za paspoti, kazi za shule za watoto, kadi za mwaliko. Albamu ya harusi na picha ya marehemu ya kuweka ukutani, hizo zipe RC. Na ukilinganisha bei, gawanya kwa idadi ya karatasi zilizomo, maana pakiti ya 20 na ya 50 huweza kuwa na sura moja. Kwa picha ndogo nunua zilizokatwa tayari, sentimita 10 kwa 15. A4 moja inakupa tatu tu za ukubwa huo, kinachobaki ni vipande. Karatasi moja ya 10 kwa 15 inatoa paspoti nane za milimita 35 kwa 45.

Kabla ya kuchapa, ingia kwenye mipangilio ya printa uchague aina ya karatasi unayotumia. Ukiacha "karatasi ya kawaida", printa itamwaga wino kwa kipimo cha kopi na hata karatasi ya ghali itatoa picha iliyopauka. Na karatasi hizi ni za printa za wino. Usiziingize kwenye printa ya leza: joto lake linaweza kuyeyusha lile tabaka likagandia ndani ya mashine.