Neno “huenda” linavyoangusha klemu ya veterani

Mi ni daktari, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwaandikia barua maveterani wa jeshi la Marekani wanaodai fidia VA (wizara ya Marekani inayohudumia maveterani), na wengi wanaonifikia ni Wakenya na Wakongo wenzetu waliojiunga na jeshi huku huku. Barua nyingi ninazoletewa baada ya klemu, yaani madai ya fidia, kukataliwa zina kasoro ile ile, neno “huenda”.

Wiki jana kaka mmoja kaja na bahasha yake. Alikuwa dereva wa malori Afghanistan, goti la kulia aliliumiza akiruka kutoka kwenye lori na mzigo wote mgongoni, sasa goti ni bovu na kiuno nacho kimeanza. Daktari wake kaandika mstari mmoja tu, huenda maumivu yanatokana na kazi ya jeshi. Wakamkatalia.

VA wanataka vitu vitatu: ugonjwa ulionao leo, uliothibitishwa na daktari, tukio la wakati uko jeshini, na maelezo ya kitaalamu yanayounganisha hivo viwili. Hicho cha tatu ndo kinawashinda watu. Na sheria wala haidai uhakika kamili, inataka angalau nusu kwa nusu, mizani ikilingana anapewa veterani. Sasa “huenda” ni asilimia ngapi? Inaweza kuwa 5, ndo maana haihesabiki. Daktari aseme uwezekano ni asilimia 50 au zaidi alafu aeleze kwa nini, amesoma rekodi gani, mwili umefikaje hapo.

Tukapekua faili lake wote wawili. Kuna karatasi ya kliniki ya kambi, mwandiko wa haraka haraka, mistari miwili: goti la kulia limevimba, kapewa ibuprofen, arudi kazini. Basi hiyo ndo tukio. Mkewe anakumbuka aliporudi alikuwa anashuka ngazi kwa ubavu, nikamwambia ayaandike hayo kwenye fomu 21-10210, maana mtu asiye daktari anaruhusiwa kueleza alichokiona kwa macho yake. Kiuno kinadaiwa kama ugonjwa uliozaliwa na goti: ukichechemea miaka kumi uzito unaegemea upande mmoja na pingili za kiuno zinaweza kuchakaa.

Kinachoniuma ni wale ambao hawakwenda kliniki hata mara moja. Tumelelewa kuvumilia jamani. Lakini karatasi kukosekana si mwisho, wenzako wa kikosi waandike walichoshuhudia. Ule moto wa 1973 kwenye kituo cha rekodi za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, na wenye mafaili hayo bado wana haki ya kudai.

Yule kaka wa goti ana pumu pia, na hiyo ni habari nyingine, iligunduliwa baada ya kutoka jeshini, na tangu sheria ya PACT ya Agosti 2022 aliyekuwa Afghanistan hahitaji barua ya kuiunganisha na ule moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini. Usimlipe mtu akuandikie.

Kwa goti na kiuno tunarudisha klemu kwa fomu 20-0995 kabla mwaka haujaisha tangu akataliwe, ili asipoteze tarehe yake ya kwanza ya kuhesabiwa fidia. VA wakimwita kupimwa nimemwomba kitu kimoja tu: daktari akimuuliza hali asijibu “nzuri” kama tulivyozoea kwenye salamu, maana itaandikwa. Aseme asubuhi anakaa kitandani muda gani kabla goti halijakubali kukunja.