Unakula sato kila siku, na bado tezi ya shingo inaweza kukosa madini joto

Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa akiambiwa rovu, au goita, hutokana na upungufu wa madini joto (iodini), mara nyingi hubisha: "Daktari, mbona samaki siwakosi?" Samaki wenye madini joto mengi ni wa baharini. Sangara, sato na dagaa wetu ni wa maji baridi, na maji ya ziwa hayana madini hayo kwa kiwango cha bahari. Mtu anaweza kuishi Ukerewe, akala samaki mchana na usiku, na bado akapungukiwa.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa takriban gramu 20. Hunasa madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Hizi ndizo zinazopanga kasi ya mwili: moyo unavyopiga, utumbo unavyosukuma chakula, joto la mwili, na kukua kwa ubongo wa mtoto tangu tumboni. Anayeisimamia ni pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, kwa kutumia homoni ya TSH. T4 na T3 zikipungua, TSH hupanda ili kuihimiza thairoidi, zikizidi, hushuka. Kwa hiyo ukiona kwenye majibu ya maabara TSH iko juu, usidhani tezi imezidisha kazi. Mara nyingi ni kinyume chake.

Tezi ikihimizwa miaka na miaka bila kupata madini joto, hutanuka. Hilo ndilo rovu tunaloliona sana. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250, na njia rahisi ya kuzipata ni chumvi iliyowekewa madini joto. Ile chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo bila lebo, ya kukaushia samaki, haikupi uhakika huo. Isiwe ndiyo ya mboga. Hata ya pakiti, ukiiacha wazi karibu na jiko, unyevu na joto huondoa madini. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, na uitie mboga ikikaribia kuiva. Wapenzi wa udaga nao wasikilize: muhogo usiolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi, na mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Sisemi muuache. Loweka siku za kutosha, kisha ukaushe vizuri.

Lakini ukubwa wa shingo hauelezi kazi ya tezi. Wapo wenye rovu kubwa na homoni zao ziko sawa, na wapo wenye shingo laini kabisa huku tezi inaumwa. Homoni zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi hata jua la Mwanza likiwaka, hunenepa, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, hedhi huwa nzito. Nyumbani huitwa mvivu. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho halikauki, na mtu hukonda huku anakula vizuri. Majirani huanza kunong'ona habari za virusi vya UKIMWI. Wengine macho hutokeza. Hapo mara nyingi ni kinga ya mwili inayoichokoza tezi, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume.

Jiangalie kwenye kioo: inua kidevu, kunywa funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza huenda ni wa thairoidi. Uvimbe mwingi si saratani, ila ukikua haraka, sauti ikikwaruza au pumzi ikibana ukilala chali, usingoje. Kuchanja chale shingoni hakupunguzi rovu, huleta usaha. Wala usikimbilie matone ya madini joto au unga wa mwani: mwenye rovu la siku nyingi lenye mabonge akipata madini joto mengi kwa ghafla, tezi inaweza kuanza kumwaga homoni kupita kiasi.

Anayepungukiwa homoni hupewa levothairoksini. Imeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa, na vidonge vya kuongeza damu vipishane nayo kwa saa 4. Ambaye homoni zimemzidi anaweza kupewa kabimazole. Akipata homa na koo kuuma, aache vidonge na afike hospitali siku hiyo hiyo akapimwe damu. Na wewe unayetumia levothairoksini, ukigundua una mimba usiache dawa kwa kumhofia mtoto. Wiki za mwanzo anategemea homoni zako, na huenda dozi ikahitaji kuongezwa, hivyo wahi kliniki.