Kwa nini simpi mkandarasi namba moja ya gharama ya kuvuna miti

Wakandarasi wa uvunaji huniuliza swali fupi: kutoa mita moja ya ujazo ya magogo msituni hadi kando ya barabara kutagharimu kiasi gani? Wanataka namba moja ya kuandika kwenye zabuni. Mimi huwapa tatu, na wengi hawafurahi. Nashikilia hapo kwa sababu nimeona kampuni ndogo zenye watu hodari zikielemewa na madeni yaliyoanzia kwenye namba moja ya wastani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua gharama ya mashine kwa saa, yaani uchakavu, riba, bima, mishahara, dizeli na vipuri, kisha unaigawa kwa mita za ujazo inazotoa kwa saa. Taabu ni kwamba uzalishaji ndio unaogawia. Tuseme saa moja inagharimu 100, kwa sarafu yoyote. Una vitalu vitatu, kila kimoja kina mita za ujazo 600. Katika cha kwanza mashine itatoa mita 10 kwa saa, cha pili 20, cha tatu 30. Wastani ni 20, kwa hiyo unaandika gharama ya 5 kwa mita. Sasa hesabu saa zenyewe: 60, 30 na 20, jumla 110. Umetumia 11,000 kwa mita 1,800, karibu 6.1 kwa kila mita. Mashine haikuharibika, mvua haikunyesha, na bado makadirio yamepitwa kwa zaidi ya asilimia 20. Kitalu kibaya kimekula saa 30 zaidi ya wastani. Kizuri kimerudisha 10 tu.

Vitalu vinatofautiana hasa kwa ukubwa wa mti. Havesta, mashine inayokata miti na kuipasua kuwa magogo, hutumia muda unaokaribiana kuufikia, kuukamata na kuukata mti mwembamba na mti mnene, lakini mnene unaleta ujazo mara kadhaa. Faida hiyo ina ukomo: mti ukikaribia uwezo wa mwisho wa kichwa cha kukatia, kazi inakuwa nzito na uzalishaji unashuka. Kwa fowada, inayobeba magogo hadi barabarani, mambo makubwa ni umbali, uzito wa mzigo na hali ya ardhi. Kisha kuna mwendeshaji. Watu wawili wenye mashine ileile katika kitalu kilekile wanaweza kupishana kwa theluthi moja au zaidi, wala tofauti hiyo haiishi baada ya mafunzo ya mwanzo.

Angalia pia saa unayoizungumzia ni ipi. Takwimu nyingi za uzalishaji zimepimwa kwa saa ambazo mashine ilikuwa kazini kweli. Riba na bima hazisubiri mashine ipone, na mishahara mara nyingi ni vivyo hivyo. Mashine ikifanya kazi asilimia 70 ya saa za ratiba, sehemu hiyo ya gharama inapanda kwa takriban asilimia 43 kwa kila mita.

Njia ninayoitumia ni uigaji wa Monte Carlo. Kwa kila kigezo naandika thamani ya chini, inayotarajiwa zaidi na ya juu, kisha kompyuta inachota thamani kwa bahati nasibu na kurudia hesabu mara maelfu. Matokeo nayapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Namba zangu tatu zinatoka humo: gharama ambayo kuna nafasi 1 kati ya 10 ya kuwa chini yake, ile ya katikati, na ile ambayo kuna nafasi 1 kati ya 10 ya kuivuka.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanachota kila kigezo peke yake, kana kwamba havijuani. Mvua kubwa hulowesha ardhi, fowada ikapunguza mzigo, ikaenda polepole, na siku nyingine ikasimama kabisa. Mabaya haya huja pamoja. Ukiyatenganisha, bahati mbaya ya kigezo kimoja inafutwa na bahati nzuri ya kingine, na unapata masafa membamba kati ya gharama ya chini na ya juu, yanayotuliza moyo bure. Havesta na fowada nazo zinategemeana. Bila akiba ya magogo yaliyokwisha kukatwa, inayochelewa ndiyo inayoamua mwendo wa zote mbili.

Ninapowahoji wazoefu, naanza na thamani za pembeni, yaani ya chini na ya juu. Ukianza na "kwa kawaida ni ngapi?", mtu hung'ang'ania jibu lake na kuweka mipaka karibu nalo mno.

Si mashaka yote yanastahili kuvumiliwa. Mvua huwezi kuipunguza, lakini ukubwa wa miti unaweza kuupima: ongeza sampuli za kipenyo na urefu kabla ya kutoa bei. Mara nyingi kigezo hiki ndicho kinachotanua masafa kuliko vingine, kwa hiyo fedha ya kupimia hurudi haraka. Kazi ikianza, kompyuta ya havesta inarekodi kila shina. Linganisha rekodi hizo na makadirio mapema, kabla kitalu hakijafika nusu.

Na katika mkataba napendekeza bei ifuate jedwali la ujazo wa wastani wa mti, kama ulivyopimwa na mashine yenyewe. Mwenye msitu, ambaye ndiye mwenye takwimu za miti yake, abebe hatari ya ukubwa wa mti. Mkandarasi abebe ya mwendeshaji na ya mashine kuharibika.