Je, wajua kuna watu wasioelekezana kwa kushoto na kulia?

Ukimwambia mtu "sogea kushoto kidogo", umeufanya mwili wake kuwa kipimo. Akigeuka, kushoto kwake nako kunageuka. Kaskazini mwa Queensland, nchini Australia, wazungumzaji wa Guugu Yimithirr, lugha iliyoipa dunia neno kangaruu, hawapimi hivyo. Mahali pa kitu husemwa kwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, hata kitu chenyewe kiwe karibu namna gani. Mdudu anaweza kuwa kwenye mguu wako wa mashariki; ukigeuka nyuma, mguu uleule ni wa magharibi.

Kwa hiyo hata sentensi ya kawaida kabisa inakutaka ujue umeelekea wapi: usiku, ndani ya nyumba, safarini. Na dira hiyo haizimwi, maana hujui ni tukio gani la leo utakalolisimulia kesho.

Lakini je, haya si maneno tu? Mwanaisimu Stephen Levinson na wenzake walibuni jaribio rahisi. Unaonyeshwa vitu vilivyopangwa mezani, kisha unageuzwa kuelekea meza iliyokuwa nyuma yako na kuombwa uvipange vilevile. Waholanzi walikirudisha cha kushoto kushoto. Wazungumzaji wa Tzeltal, lugha ya Kimaya ya Mexico inayoelekeza kwa "upande wa mlimani" na "upande wa bondeni", wengi walikirudisha upande uleule wa dunia, ingawa sasa kiliangukia mkono wao mwingine. Jaribio halikuhitaji wataje upande wowote. Kilichopimwa ni kumbukumbu.

Linalonivutia zaidi ni lile la Pormpuraaw, Queensland hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 2010 na watafiti Lera Boroditsky na Alice Gaby. Watu walipewa picha za mambo yanayobadilika kadiri muda unavyopita, kama vile mtu anayezeeka, wazipange kwa mfuatano. Wazungumzaji wa Kiingereza huanzia kushoto, wa Kiebrania kulia, kama wanavyoandika. Wa Pormpuraaw walielekea kuzipanga kutoka mashariki kwenda magharibi. Waliokaa wakitazama kusini walianzia kushoto. Waliotazama kaskazini walianzia kulia. Waliotazama mashariki, picha ziliwajia kifuani. Wakati wao unafuata jua, si mwili.

Hapa panahitaji tahadhari. Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa bima ya moto aliyejifunza isimu kwa Edward Sapir, aliwahi kudai kwamba lugha ya Wahopi wa Arizona haina maneno yanayotaja wakati moja kwa moja. Mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene kilichojaa maneno hayohayo ya wakati kutoka lugha hiyo. Lugha si gereza la akili.

Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza vizuri zaidi: lugha hutofautiana hasa katika yale zinayomlazimu msemaji kuyataja, si katika yale zinayomruhusu. Kiswahili hakikuulizi kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke; "amefika" yatosha, na ukitaka kufafanua, unafafanua. Kirusi, kwa wakati uliopita, hakikupi nafasi hiyo, kwa kuwa kitenzi chenyewe hubadilika kwa jinsia. Kulazimishwa mara elfu kwa siku hujenga mazoea ya kuangalia jambo fulani, na nadhani nguvu ya lugha juu ya fikra iko hapo.

Wapo waliopinga, akiwemo mwanasaikolojia Lila Gleitman, wakisema kwamba huenda mazingira ndiyo yanayofundisha: anayeishi mahali padogo, panapojulikana, penye mlima unaoonekana, hutumia mlima. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mtoto hazaliwi akiujua mlima. Huujua kwa kusemeshwa. Katika Kuuk Thaayorre, lugha ya hapo Pormpuraaw, salamu yenyewe ni kuulizwa unakwenda wapi, na jibu linalotarajiwa hutaja upande wa dunia. Asiyejua kusini iko wapi hawezi hata kuitikia salamu.