Rangi ya Tingatinga inavyopotea kati ya kibao na simu

Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, mtindo wa uchoraji wenye jina lake umejengwa juu ya rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Ikikauka inang'aa kama kioo. Ukiipiga picha kwa flashi ya simu, tumbo la tembo linatoka na doa jeupe. Wengi hukimbilia kununua kamera nyingine, ilhali tatizo ni mahali taa ilipokaa.

Simamisha wima kibao chenye mchoro. Weka taa mbili za aina moja, kulia na kushoto, kila moja ikikimulika kwa pembe ya nyuzi 45. Zima taa za chumba, funga pazia: mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa, upande mmoja wa mchoro utakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na hakuna programu itakayozisawazisha zote mbili kwa pamoja. Rudi nyuma, kisha tumia lenzi ya kuvuta badala ya kusogea na lenzi pana inayopinda kingo. Ili kujua kama kamera inatazama sawasawa, bandika kioo kidogo katikati ya kibao. Lenzi ikijiona katikati ya kioo, umenyooka.

Mng'ao ukibaki kwenye vile vidoa vya rangi vilivyotuna, funika taa zote mbili kwa karatasi ya polaraizi (inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), mistari yake ikielekea upande mmoja, halafu funga kichujio cha polaraizi kwenye lenzi na ukizungushe mpaka mng'ao ufe. Mwanga utapungua sana, kwa hiyo stendi na saa ya kuchelewesha kupiga ni lazima, kamera isitikisike. Mimi huwa sikizungushi mpaka mwisho. Mng'ao kidogo ni sehemu ya mchoro. Ukiufuta wote, kibao kinafanana na bango la kuchapa.

Angalia histogramu (grafu ya kamera inayoonyesha kiasi cha mwanga) ya kila rangi, si ile ya jumla tu. Nyekundu hujaa kwanza, na ikijaa, shuka la Mmasai linakuwa bonge lisilo na mikunjo. Punguza mwanga kidogo, piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera isiyobanwa kama JPEG.

Uharibifu wa pili uko kwenye faili, na huu ndio usiosemwa. JPEG nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi moja hugawiwa pikseli nne. Kwa picha ya machweo hutagundua. Kwa mstari mwembamba mwekundu juu ya kijani, rangi inavuja pembeni, na Tingatinga ni mistari na nukta kila mahali. Unapohifadhi, chagua 4:4:4 (kila pikseli na rangi yake) badala ya 4:2:0 (rangi moja kwa pikseli nne), na ugeuze rangi ziwe sRGB, mfumo wa rangi wa skrini nyingi, ukiacha ndani ya faili wasifu wa rangi, yaani maelezo yanayoiambia skrini rangi zisomwe vipi. Adobe RGB, mfumo mpana zaidi, bila wasifu hupauka kwenye simu ya mteja. Kwenye WhatsApp tuma kama hati; ukituma kama picha, inapunguzwa na kubanwa upya.

Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 inakupa 4000 tu kila upande wa kibao cha mraba. Ukichapa kwa sentimita 60, hiyo ni takriban nukta 169 kwa inchi: inafaa ukutani; kitabuni, panapohitajika takriban nukta 300 kwa inchi, chapa isizidi sentimita 34.