Usanifu wa Taarifa: Cheo Si Kitambulisho

Kuna watu wanaofanya usanifu wa taarifa kila siku, lakini wakiulizwa kazi yao husema, "Nipo kwenye mambo ya tovuti." Wao ndio wanaoamua kurasa zigawanywe vipi, menyu iseme nini, na anayetafuta kitu apitie wapi. Wengi hujiona wapweke, na aghalabu kinachowatenga ni imani zisizo na msingi.

Dhana: Kama cheo hicho hakimo kwenye mkataba wako, wewe si msanifu wa taarifa.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Vyeo katika fani hii havijawahi kutulia. Mwaka 2009, mjini Memphis, Marekani, Jesse James Garrett, mbunifu mashuhuri wa tovuti, alifunga mkutano wa wasanifu wa taarifa kwa kuwaambia waliokuwa ukumbini kwamba hakuna wasanifu wa taarifa wala wabunifu wa mwingiliano, wale wanaopanga vitufe na hatua anazopitia mtumiaji. Kuna wabunifu wa uzoefu wa mtumiaji tu, yaani wanaobuni yote anayokutana nayo mtu anapotumia kitu. Na hayo aliyasema mbele ya watu waliokusanyika kwa jina hilohilo! Miaka iliyofuata waajiri wengi waliegemea cheo alichokitaja, lakini kazi yenyewe ilibaki palepale ikisubiri mtu wa kuifanya.

Itazame kwa karibu. Unampa mtumiaji rundo la kadi, kila moja ina jina la ukurasa, unamwomba azipange kwa mafungu yanayomwingia akilini. Kadi ya "Kurejeshewa pesa" inamkwamisha: anaiweka chini ya "Malipo", anaitoa, anaipeleka "Msaada". Anayetambua kwamba kusita huko ni jibu tosha, akaandika alichokiona, kisha akamtetea mtumiaji kwenye kikao ambacho kila idara inataka menyu ifuate mgawanyo wa ofisi zake, huyo ni msanifu wa taarifa, hata kama kitambulisho chake cha kazini kinasema "mhariri".

Dhana: Fani hii ilizaliwa na intaneti.

La. Mwaka 1976 msanifu majengo Richard Saul Wurman aliufanya usanifu wa taarifa kuwa mada ya mkutano wa kitaifa wa Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, wakati wavuti haijawazwa. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, ambaye mwaka 1933 alichapisha mfumo wa kuainisha vitabu kwa sifa kadhaa kwa pamoja, badala ya kukibana kila kitabu kwenye tawi moja. Vichujio vya maduka ya mtandaoni, vile vya rangi, saizi na bei, vinafuata wazo hilohilo. Louis Rosenfeld na Peter Morville nao, ambao kitabu chao cha 1998 kiliwaleta wengi kwenye fani, walisomea ukutubi. Kwa hiyo mkutubi au mtunza nyaraka anayehamia huku haji kama mgeni.

Dhana: Lazima ujue kuandika programu.

Hapana. Inasaidia kuelewana na wanaoziandika, basi.

Dhana: Jumuiya ilishakufa.

Wanaosema hivi wana sababu. Taasisi ya Usanifu wa Taarifa, iliyoanzishwa 2002, ilivunjwa 2019, na kwa wanachama lilikuwa pigo. Lakini mkutano wa kila mwaka ulioanzia Boston mwaka 2000 uliendelea kwa jina jipya, na Siku ya Usanifu wa Taarifa Duniani, iliyoanza 2012, huandaliwa na watu wa kujitolea katika miji ya nchi mbalimbali.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usiende kwenye mikusanyiko hiyo na wasifu wa kazi mkononi. Nenda na menyu iliyokushinda, iweke mezani, muulize mwenzako yeye angeipangaje. Na kama ulipo hakuna mkusanyiko wowote, wawili mnatosha kuanza: mkutubi mmoja na mhariri mmoja, wote wamekwama kwenye majina ya mafungu.