Je, wajua ustahimilivu wa mji wa kale hupimwaje?

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zililipiga mizinga kasri la Sultani wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri hilo, liliharibika vibaya, ila jirani yake Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilibaki wima. Jumba hilohilo liliporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Halikupigwa mzinga siku hiyo, wala ardhi haikutetemeka. Kwa nini basi lililohimili vita likashindwa katika amani?

Swali hilo ndilo linalowashughulisha wanaopima ustahimilivu wa miji ya kale, yaani uwezo wa mji kupata pigo, kulivumilia na kurudi katika matumizi yake bila kupoteza sura na watu wake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilipo jumba hilo, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, adui mkubwa ni maji yanayopenya polepole, mwaka baada ya mwaka.

Kuta za mji huo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua linapowaka, mradi umepakwa chokaa. Ukipakwa saruji, kama ilivyofanyika katika nyumba nyingi kwa nia njema kabisa, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi hujitokeza juu ya ukuta kama unga mweupe, lipu huvimba, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole husikia mlio mtupu kabla haijabanduka kipande kizima.

Hatari zaidi imo pasipoonekana. Dari na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikandaa (aina ya mikoko), na urefu wa boriti hizo ndio uliofanya vyumba vya mji huo viwe vyembamba na virefu. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, na paa likivuja, huko ndiko zinakoanza kuoza, ilhali katikati mti unaonekana mzima. Fundi mzoefu hamwamini anayesema boriti ni nzima kwa kuitazama tu. Huchoma ncha yake kwa bisibisi, na bisibisi ikizama kama kwenye keki, jibu limepatikana.

Hata hivyo, kupima mawe na miti peke yake hakutoshi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikawa mali ya serikali, na familia kadhaa zikaja kuishi chini ya paa moja. Kila familia hufagia chumba chake. Paa linalovuja ni la nani? Ndiyo maana mpimaji makini huuliza nani anamiliki, nani anapanga na nani hununua bati likitoboka. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, lakini mamlaka haiwezi kupanda juu ya kila paa. Nyumba inapogeuzwa hoteli hutengenezwa vizuri, nakubali, ila wapangaji huhama na baraza hubaki bila wa kulikalia. Sidhani kama hasara hiyo yafaa kuachwa nje ya hesabu.

Kipo pia kipimo cha mafundi: je, wapo vijana wanaojua kuchoma matumbawe, kuizima chokaa kwa maji na kuisubiri iive kabla ya kuitumia? Saruji hukauka upesi, na mwenye nyumba ana haraka.

Kwa maoni yangu, ukaguzi huu ufanywe masika yenyewe, mvua ikinyesha, na uanzie darini kwa tochi, pale ambapo tone la kwanza hupita kabla ya kufika ukutani.